Usingizi wa Veronika

Mbeya, Jumatatu, 4 Juni 1956

Wagonjwa watatu mezani leo. Mzee wa Kisafwa mwenye ngiri, mama mwenye uvimbe shingoni, na fundi seremala aliyejikata vidole kwa msumeno. Wote nimewalaza mimi. Wote wameamka. Mzee alipiga ngumi hewani kabla hajalala, akamtukana mkewe ambaye hata hayupo. Etha, dawa ya usingizi, huwafanya wengine hivyo.

Baridi kali. Chupa ya etha inagandisha mkono. Vidole vimepasuka, navipaka mafuta ya nazi lakini wapi.

Huu ni mwaka wa tisa nafanya kazi ya usingizi. Daktari wa zamani ndiye aliyenifundisha. Kitambaa juu ya waya, tone baada ya tone, mkono kwenye taya, sikio kwenye pumzi. Alisema nina sikio. Tangu hapo sijafanya kazi nyingine katika hospitali hii ya misheni, ingawa kwenye orodha ya wafanyakazi bado naitwa nesi wa wodi.

Jumatano, 6 Juni

Barua imetoka makao makuu ya misheni. Kozi ya usingizi, Dar es Salaam, miezi mitatu. Atakayefuzu atapewa cheti na cheo. Hospitali yetu imepewa nafasi moja. Daktari aliisoma baada ya sala ya asubuhi. Manesi wote wakageuka kuniangalia. Gidioni, dresa wetu wa kufunga vidonda, akanisukuma na kiwiko, anacheka.

Nimefurahi. Naandika wazi: nimefurahi kama mtoto. Nimeandika maombi kwa mwandiko wangu bora. Karatasi mbili nimeziharibu kwa wino.

Jumatatu, 11 Juni

Metroni ameniita. Hakuinua macho. Kozi ni ya wanaume.

“Wanawake mnaolewa,” alisema. “Tunawafundisha, halafu mnatoka.”

Nikamwambia mimi ni mjane. Mume wangu alifukiwa na kifusi machimboni Chunya, mwaka wa kumi sasa. Sina mtoto. Sina mpango wa kuolewa.

“Wote mnasema hivyo, Tusekile.”

Anakwenda Gidioni. Kanuni ya misheni ni hii: nesi akiolewa anavua sare siku hiyohiyo. Gidioni ana mke na watoto wanne. Hakuna aliyemwuliza.

Nililia kwenye chumba cha mashuka, halafu nikanawa uso. Mgonjwa wa saa nne alikuwa anasubiri.

Jumamosi, 16 Juni

Daktari ameagiza nimfundishe Gidioni kabla hajaondoka, asije akaiaibisha hospitali. Hivyo ndivyo alivyosema, na mimi nimesimama mbele yake.

Nilitaka Gidioni awe mjinga. Si mjinga. Anasikiliza. Leo ulimi wa mgonjwa uliziba koo, midomo ikaanza kuwa ya bluu. Gidioni akainua taya kama nilivyomwonyesha, pumzi ikafunguka. Akaniangalia kwa furaha. Mimi pia nikafurahi. Kisha nikajichukia.

Tulipokuwa tunaosha vyombo akasema, “Dada, nafasi hii ilikuwa yako. Najua.”

Ningemwuliza kwa nini hakumwambia Metroni. Sikuuliza. Watoto wanne.

Alhamisi, 28 Juni

Gidioni kaondoka na basi la asubuhi. Mchana nimepewa barua yangu. Nahamishiwa hospitali nyingine ya misheni, ile iliyo nje ya mji wa Iringa. “Nesi wa wodi ya wanawake, na kusaidia penginepo inapohitajika.” Penginepo ndicho chumba cha upasuaji. Kule hawana mtu wa usingizi hata mmoja. Wanajua. Mimi pia najua.

Iringa, Jumanne, 3 Julai

Siku mbili njiani. Basi liliharibika karibu na Chimala, tukalala kwenye viti. Makambako upepo mkali. Sao Hill ukungu mtupu, dereva anapiga honi asigonge ng’ombe. Vumbi hadi kwenye meno.

Hospitali ni ndogo. Mawe makubwa kila mahali, mengine yanazidi nyumba. Nimepewa kitanda katika chumba cha manesi wawili. Mwenzangu yuko zamu, simjui. Kwenye kitanda chake kuna blanketi la bluu na vitabu vitatu.

Jumapili, 15 Julai

Mwenzangu anaitwa Veronika. Mhehe wa Kalenga, miaka ishirini na miwili. Yuko mwaka wa tatu wa ukunga. Desemba atafanya mtihani wa cheti. Atakuwa msichana wa kwanza wa hospitali hii kukipata. Anacheka kwa sauti hata wodini. Anaimba nyimbo za kanisa akichemsha vyombo. Anaucheka Unyakyusa wangu ninapozungumza Kiswahili, na kila asubuhi ananilazimisha nimwamkie kwa Kihehe, “kamwene”, mpaka niitamke sawasawa.

Ijumaa mama mmoja aliletwa kwa machela, mtoto amelala kikingamo tumboni. Daktari wa hapa alikuwa mjini. Veronika alimgeuza mtoto kwa mikono, kutoka nje, polepole, akizungumza na yule mama wakati wote. Nilisimama nikamwangalia tu. Mikono ile. Mtoto alizaliwa salama, kichwa kimetangulia. Daktari alirudi jioni, akaandika kwenye karatasi ya mgonjwa kwamba yeye ndiye aliyemgeuza.

Ijumaa, 10 Agosti

Leo nimekiona kitabu cha upasuaji. Kuna safu ya jina la mgonjwa, ugonjwa, aliyepasua, aliyetoa usingizi. Tangu nimefika nimelaza watu kumi na saba. Kwenye safu ya usingizi pameandikwa “Daktari”, mistari yote kumi na saba. Aliyepasua pia Daktari.

Nilimwonyesha Veronika. Akasema, “Basi mzungu huyu ana mikono minne.” Alicheka hadi akakaa chini.

Nilimwuliza Daktari. Si mtu mkali. Akasema makao makuu wanataka jina la mwenye sifa, nisilichukulie vibaya.

Nimelichukulia vibaya.

Jumatano, 29 Agosti

Veronika ameolewa.

Ameniambia leo tukifua. Mume ni Alfonsi, mwalimu wa shule ya Igowole, kule Mufindi. Mahari ilipelekwa Aprili, wazee wakakubaliana. Ndoa ya kanisani itafungwa Januari, cheti kikishapatikana. Hapa hakuna anayejua. Akijulikana, atavua sare, na miaka mitatu imepotea.

Akaniapisha. Nikaapa. Alifurahi sana, akanirushia povu usoni.

Nimefikiri juu yake siku nzima. Daktari ana mke, tena anaishi naye humu humu kwenye boma la hospitali. Dresa ana mke. Mpishi ana wawili. Kwa nini mikono ya Veronika isahau kazi siku akivaa pete?

Jumamosi, 22 Septemba

Veronika anaumwa tumbo. Upande mmoja, chini, tangu Alhamisi. Alikula uji kidogo akautapika. Nimemwuliza kama ameona mwezi wake. Akasema wiki saba hajauona.

Nikamwambia aende kwa Daktari leo hii. Maumivu ya upande mmoja na wiki saba, mkunga anajua yanaweza kuwa nini. Yeye anajua kuliko mimi.

“Dada Tuse, yatapita. Ni Desemba tu. Nivushe mpaka Desemba.”

“Na yasipopita?”

“Nitakwenda mwenyewe. Usinisemee.”

Amefanya kazi zamu nzima. Amezalisha wawili. Nilimwona ameegemea ukuta, jasho limemtoka juu ya mdomo, kisha akajinyoosha akaingia wodini anaimba.

Sijasema kwa mtu.

Jumatatu, 24 Septemba

Anasema maumivu yamepungua. Leo amecheka. Nimejiambia huenda ni chango tu. Nimejiambia hivyo mara nyingi mno.

Jumanne, 25 Septemba

Veronika amekufa.

Naandika kwa utaratibu, nisije nikasahau kitu.

Saa mbili asubuhi alikuwa anabeba beseni. Akaanguka. Nilisikia beseni kabla sijamwona. Midomo myeupe. Mapigo mepesi, ya haraka, yanakimbia chini ya kidole. Tumbo gumu. Metroni wa hapa akasema ni kuhara, apewe chumvi na alale. Nikasema hapana. Nikasema ni mimba nje ya kizazi, imepasuka, anavuja damu ndani. Nilisema kwa sauti, mbele ya wagonjwa. Metroni alinitazama kana kwamba nimemvua nguo yule msichana.

Daktari alifika saa mbili na nusu. Akamgusa, akasema twende mezani. Nikamwomba apewe damu kwanza, atoe yangu, aitoe yote. Akasema hakuna muda. Nadhani alikuwa sahihi. Sijui.

Veronika alinishika mkono nilipoweka kitambaa. Hakusema habari ya Desemba. Alisema, “Ni wewe?” Nikasema ni mimi. Akafumba macho. Nilitoa matone machache kuliko niliyowahi kumpa mtu mzima yeyote, kwa kuwa hakuhitaji, alikuwa ameshakwenda nusu njia. Daktari alipofungua, damu ilijaa hadi ukingo, ikamwagika sakafuni. Nilikuwa naita mapigo. Mia na sitini. Hayahesabiki. Hayapo.

Nimeondoa kitambaa. Nimeendelea kushika taya yake muda mrefu, Daktari akaniambia niache.

Saa nne kasoro robo.

Alhamisi, 27 Septemba

Tumemzika Kalenga. Vumbi jekundu. Watu wengi, akina mama waliozalishwa naye walikuja na watoto migongoni. Alfonsi alipanda baiskeli kutoka Igowole hadi barabara kuu, akapata lori, akafika kaburi limeshafukiwa. Alisimama ameshika kofia. Wachungaji hawakumtaja kama mume. Mama yake Veronika alikaa chini, hakulia kwa sauti, mikono imelala mapajani. Sikuweza kumsogelea. Nilikaa nyuma na manesi wengine, sare zetu nyeupe zimechafuka magotini.

Sikumwambia mtu yeyote kwamba nilijua.

Ijumaa, 28 Septemba

Nimefungua kitabu cha upasuaji. Mstari wa Veronika. Aliyepasua: Daktari. Aliyetoa usingizi: Nesi Tusekile.

Ni mara ya kwanza. Miaka tisa. Jina langu limeandikwa vizuri, herufi zote, kwa wino mweusi. Kwenye safu ya sababu ya kifo: “Usingizi.”

Hakuna neno la mimba.

Nilikwenda kwa Daktari na kitabu mkononi. Hakuweza kuniangalia. Alisema misheni haiwezi kuandika kwamba mwanafunzi wa ukunga asiye na ndoa amekufa hivyo. Ni kumhifadhia heshima yake. Nikasema alikuwa na mume. Akasema si kwenye kitabu cha kanisa. Nikasema, na heshima yangu? Akasema makao makuu watatuma mtu wa kuchunguza, nisiingie chumba cha upasuaji mpaka hapo.

Nina hasira. Hasira kwa Daktari. Kwa Veronika, hata kwake, Mungu anisamehe. Na kwangu zaidi.

Jumatano, 17 Oktoba

Mtu wa kuchunguza ni Gidioni.

Amerudi kutoka pwani na cheti chake, amenenepa kidogo, ana koti jipya. Ndiye mwenyeji pekee wa misheni mwenye sifa ya usingizi, kwa hiyo neno lake ndilo litakalosomwa. Alinipa mkono kwa mikono miwili, kama anavyompa mkubwa. Nilitamani asifanye hivyo.

Amekaa na karatasi zangu mchana kutwa. Mimi huandika kila kitu kwenye daftari la pembeni, matone, mapigo, rangi ya midomo. Amelisoma lote. Aliniuliza maswali kama ninavyowauliza wanafunzi. Nilijibu. Nilipojibu la mwisho akafunga daftari, akasema, “Pole, dada yangu. Pole sana.” Hapo nikalia. Hakuondoka, wala hakuniambia ninyamaze.

Ijumaa, 19 Oktoba

Kikao. Daktari, Metroni, mchungaji kutoka makao makuu, Gidioni. Mimi kwenye kiti karibu na mlango.

Gidioni alisimama kusoma. Alisema etha iliyotumika isingemwua hata mtoto. Alisema marehemu alikufa kwa kuvuja damu, na kwamba nesi wa usingizi alitambua ugonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisema “nesi wa usingizi”. Metroni alikunja uso. Kisha Gidioni akasema jambo ambalo hakuandika. Kila anachojua kakijua kwa huyu mama, na cheti kile walipaswa kumpa mama huyu.

Mchungaji aliitikia kwa kichwa, akaandika. Wamekubali. Mimi ningesema maneno yaleyale mwaka mzima wasingeyasikia. Namshukuru Gidioni. Na inaniuma kwamba inanibidi nimshukuru.

Halafu mchungaji akanigeukia. “Ulikuwa unajua hali ya msichana huyu?”

Ningeweza kusema hapana. Aliyejua mwingine yuko kaburini. Gidioni alinitazama, naona alikuwa anaomba niseme hapana.

Nikasema, “Nilijua siku tatu kabla.”

“Kwa nini hukusema?”

“Kwa sababu mngemfukuza.”

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

Jumatatu, 22 Oktoba

Hukumu. Sababu ya kifo imebadilishwa: “Kutokwa damu.” Mimba bado haikutajwa. Mimi nimeonywa kwa maandishi kwa kuficha ugonjwa wa mwenzangu, na sitaingia tena chumba cha upasuaji. Nimewekwa wodi ya wazazi, mahali pa Veronika. Gidioni anahamia hapa kushika usingizi.

Kanuni ya kuolewa haikuzungumzwa. Niliuliza. Mchungaji alisema hilo ni jambo la makao makuu. Yeye ndiye makao makuu.

Gidioni alinifuata nje. Akasema ataandika barua kuhusu kanuni, atie sahihi yeye. Nikamwambia atie yake, na mimi niweke yangu chini. Akakubali. Tumeiandika kwenye benchi la wagonjwa, nikisahihisha Kiingereza chake. Imeondoka na basi la leo. Sitarajii kitu.

Jumapili, 4 Novemba

Siku arobaini. Nilikwenda Kalenga peke yangu, kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Mvua za kwanza zimenyesha, ardhi inanuka. Watu walishatawanyika baada ya ibada. Nilimkuta mama yake Veronika uani, anachagua maharage ya mbegu kwenye ungo. Nikamwamkia kwa Kihehe. Akajibu, akanisogezea kigoda.

Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, nisimalize haraka. Kwamba aliniambia maumivu siku ya Jumamosi. Kwamba nilijua yanaweza kuwa nini. Kwamba nilinyamaza.

Aliendelea kuchagua. Nikadhani hakunielewa. Kisha akasema, bila kuniangalia:

“Hata mimi alinijia, mwanangu. Ile Jumapili. Alikuja hapa ameshika tumbo. Mimi ndiye niliyemwambia avumilie mpaka Desemba.”

Akaokota harage moja, akalitupa kando.

Kisha akausukuma ungo katikati yetu, nikaanza kumsaidia. Yaliyotobolewa na wadudu huku, mazima kule. Jua lilitoka, kisha wingu likalifunika. Jirani alipita na jembe begani, akatuamkia, tukaitikia wote wawili. Tulipomaliza ungo wa kwanza, mama aliingia ndani akaleta mwingine.